Jumapili ya Kurudishwa kwa Tusekile

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi kuoa na sungura kwenda shaurini, bali zamani ya karibu, ambayo wenyewe bado wako hai na mkikutana nao njiani mtawasalimia, palikuwa na chuo cha watumishi wa kanisa katika nchi ya mvua na chai. Kitulile ndilo jina lake. Kaeni vizuri. Msiniulize chochote mpaka nimalize, maana nikimaliza ni mimi nitakayewauliza ninyi.

Chuo kile hakikufundisha wachungaji. Kilifundisha watumishi wa elimu ya Kikristo na vijana: wa kusimamia shule ya Jumapili, wa kuandaa watoto kwa kipaimara, wa kukaa na kijana katika umri ule ambao kijana hataki kukaa na mtu. Mkuu wake alikuwa Mchungaji Asegelile, mzee mwembamba mwenye sauti ya kengele, na alichokisema kiliandikwa.

Alisema, "Kijana akikujibu kama kasuku, usimsifu. Mwongeze swali moja, uone kama moyo umo." Wakaandika.

Alisema, "Ibada ikiingiwa na kimya kibaya, usiwaache watu wazame humo. Kijaze kwa wimbo." Wakaandika.

Alisema, "Neno ambalo kijana amekuambia kwa siri, lifie kifuani mwako. Ukilitoa, umemuua." Wakaandika.

Katika darasa la mwaka ule walikuwamo watatu waliowazidi wenzao. Wa kwanza ni Gwamaka, aliyeongoza kila mtihani, kijana ambaye ukimsalimia anakurekebisha salamu. Wa pili ni Lusubilo, mwalimu wa kwaya, ambaye akishika kinanda hata mabibi wenye magoti mabovu walisahau magoti yao. Wa tatu ni Bupe. Bupe hakuongoza kwa lolote ila kusikiliza. Hata wapishi wa chuo walimweleza habari za waume zao.

Gwamaka alilipenda lile neno la swali. Lusubilo alilipenda lile neno la wimbo. Bupe alilipenda lile neno la siri. Na wote watatu walikuwa wanafunzi wema. Hilo mlishike.

Sasa, ng'ambo ya mto palikuwa na usharika wa Ikombelo, na usharika ule haukuwa na mtumishi wa vijana. Vijana wake walikuja kanisani siku ya kipaimara, wamevaa nyeupe; wakala wali na kuku, wakapiga picha, wakapotea mpaka siku ya kuoa. Wazee wakaomba chuoni wapewe mtu. Akina mama wakashona joho, la bluu, lenye msalaba wa nyuzi za dhahabu kifuani. Mchungaji Asegelile akalileta darasani, akalitundika kwenye msumari juu ya ubao.

"Joho ni moja," akasema, "na ninyi ni watatu. Nendeni Ikombelo mkafanye mazoezi ya vitendo. Kuna kondoo mmoja amepotea pale. Atakayemrudisha ndiye atakayelivaa."

Wakaandika hilo pia.

Kondoo mwenyewe aliitwa Tusekile. Alikuwa binti wa kwaya, sauti ya pili, amepata kipaimara kama wenzake. Kisha akazaa akiwa nyumbani kwa bibi yake, bila ndoa, bila mposo, bila mwanamume wa kusema ni mimi. Desturi ya Ikombelo ilikuwa hivi: binti wa namna hiyo anatengwa. Anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Haimbi, hasogei kwenye meza ya Bwana, na mtoto wake habatizwi, mpaka siku mama atakaposimama mbele ya usharika, aulizwe, ajibu, atubu, apokelewe. Siku hiyo inaitwa siku ya kurudishwa kundini.

Na mwanamume je? Mwanamume hakutengwa, kwa kuwa hakujulikana. Hakujulikana, kwa kuwa hakutafutwa.

Tusekile alikaa benchi la mlangoni kwa muda, upepo ukampiga, macho yakampiga, akaacha kuja. Akawa anachuma chai kule kilimani, mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Lugano, yaani upendo, na alikuwa na kifua. Mvua ikizidi, Lugano alipumua kama paka mgonjwa. Ndiyo maana Tusekile alitaka jambo moja tu duniani: mtoto abatizwe. Pale Ikombelo mtoto asiyebatizwa akifa hapigiwi kengele wala kuimbiwa. Anazikwa nyuma ya migomba na watu wanarudi shambani. Tusekile alishaona mtoto wa jirani akizikwa hivyo. Kila Lugano alipokohoa, aliiona ile migomba.

Bupe ndiye aliyetangulia kumwendea. Hakubeba Biblia, alibeba kapu, akaingia kwenye mstari wa chai kando ya Tusekile.

"Dada," Tusekile akamwambia, "unachuma chai au unaivuta masikio?"

"Nifundishe basi."

"Majani mawili na chipukizi. Hayo magumu waachie mbuzi. Nani amekutuma? Wazee?"

"Chuo."

"Nilijua. Wazee wangemtuma mtu anayejua kuchuma."

Wakacheka. Kesho yake Bupe akarudi, na kesho kutwa, mpaka vidole vyake vikawa vyeusi kama vya wenyeji. Siku moja mvua ikawafungia kwenye banda la kupimia majani. Lugano akakohoa mpaka akatapika. Tusekile akamfuta kwa khanga, akasema, bila kuulizwa, "Ni Ambokile."

Ambokile alikuwa sauti ya kwaya ya Ikombelo. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, wengine walimfuata.

"Aliniambia atakwenda kusema kwao," Tusekile akaendelea. "Siku hiyo akaenda kwanza mazoezi ya kwaya. Mpaka leo yuko mazoezini."

"Nimesikia, mdogo wangu."

"Usimwambie mtu. Nikisema mimi, watasema nimemsingizia mtoto wa watu. Ukisema wewe, watasema nimekutuma."

"Sitamwambia mtu."

"Na nikisimama pale mbele, wakiniuliza je?"

"Hawaulizi jina. Utaratibu naujua. Wanauliza amri, kisha kama unatubu, unasema natubu, basi. Mtoto anabatizwa palepale."

"Niapie."

"Nakuapia."

Basi Tusekile akashuka kilima.

Gwamaka akampokea ofisini kwa usharika, akamfundisha amri na maana za amri, moja baada ya moja. Tusekile alikuwa na akili nyepesi, lakini alishavunjika moyo, na kila akikwama alitaka kuondoka. Gwamaka hakumwacha. Alimrudisha kitini kwa upole, akaanza upya.

"Mwalimu, nina swali moja," Tusekile akasema. "Mtoto atabatizwa siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo. Ukijibu vizuri."

"Nikikosea?"

"Hutakosea. Mwanafunzi wangu hakosei."

Na kweli hakukosea tena.

Lusubilo naye akatunga wimbo wa kumpokea. Mwanzoni wanakwaya walikunja midomo. "Tumwimbie huyo? Amefanya nini cha kuimbiwa?" Lusubilo hakubishana nao. Akapiga kinanda. Siku ya kwanza waliimba kwa kinyongo, siku ya pili kwa mazoea, na siku zilizofuata waliimba huku wakijifuta macho, wasijue wimbo umewageuza saa ngapi. Waliposikia Tusekile anapita nje, walimwita aingie, wakampa kiti.

Ambokile peke yake alimfuata Lusubilo pembeni. "Mwalimu, Jumapili hiyo nipumzishe."

"Kuna nini?"

"Koo."

"Koo gani? Jana umeimba mpaka mapaa yametetemeka. Wimbo huu bila wewe hausimami."

Ambokile akatazama sakafu. Lusubilo aliona namna alivyotazama sakafu. Aliona, na hakuuliza, kwa sababu alihitaji sauti.

Jumamosi, mkesha wa siku yenyewe, watatu walikaa mchana nyumba ya wageni wakila ndizi na maharage. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Joho ni langu," akasema Gwamaka. "Aliyemrudisha ni mimi. Mtu asiye na majibu atasimama mbele ya usharika aseme nini? Nimempa majibu."

"Joho ni langu," akasema Lusubilo. "Aliyemrudisha ni mimi. Na majibu yake hayo, bila wimbo wangu watu wangemtazama kama mwizi wa kuku. Nimempa watu."

"Joho ni langu," akasema Bupe. "Aliyemrudisha ni mimi. Mlikuwa mnamngoja bondeni. Nani alipanda? Mngempa nani majibu? Mngemwimbia nani?"

"Kuchuma chai ni huduma?" Gwamaka akamtania.

"Kukaririsha ni huduma?"

Maharage yakapoa. Wakashindana mpaka jua likazunguka nyumba. Na mchana huo wote hakuna hata mmoja aliyepanda kilima kumwuliza Tusekile anajisikiaje.

Jumapili ikafika. Kanisa likajaa mpaka madirishani. Mchungaji Asegelile alikuwa amekuja kutoka chuoni kusahihisha mazoezi. Akakaa mbele, kalamu mkononi, karatasi ya alama gotini. Mchungaji wa usharika alisimama kando ya bakuli la ubatizo. Bupe alikuwa ameleta maji ya moto kwenye chupa ya chai, akayachanganya mwenyewe humo bakulini, akayapima kwa kiwiko, ili Lugano asishtuke.

Tusekile akaingia na gauni jeupe la kuazima. Lugano mkononi, kofia nyeupe kichwani. Akasimama mbele. Gwamaka, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha, akaanza kuuliza.

Akauliza amri ya kwanza. Tusekile akajibu. Kalamu ikaandika.

Akauliza ya nne. Tusekile akajibu. Kalamu ikaandika.

Akauliza ya sita, ile ya uzinzi, pamoja na maana yake. Tusekile akajibu neno kwa neno, bila kujikwaa, kama maji ya bomba. Na kalamu ikasimama.

Gwamaka aliiona. Kule Kitulile, kalamu ya Mchungaji Asegelile ikisimama, maana yake anasikia kasuku. Jasho likamtoka Gwamaka. Akaongeza swali moja.

"Na wewe, Tusekile, amri hii uliivunjaje?"

Baadaye aliapa kwamba alitaka jibu la darasani tu: kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo. Alikwisha kumfundisha. Alidhani analikumbuka.

Lakini Tusekile hakuwa darasani. Alikuwa mbele ya watu waliomweka mlangoni. Akamtazama Bupe, aliyemwapia kwamba hataulizwa. Bupe akatazama viatu vyake. Tusekile akaitazama kwaya. Ambokile amesimama safu ya mbele, amevaa vazi la kwaya, uso umemwiva kama aliyeshikwa na homa.

Kimya kikaingia. Mtoto akakohoa mara moja, kikohozi kikazunguka kuta. Kimya kikazidi.

Ndipo Tusekile akainua kichwa. "Mwalimu umeniuliza," akasema, "nami umenifundisha nisiseme uongo. Niliivunja na huyo aliyesimama..."

Lusubilo akainua mkono.

Na kwaya ikalipuka. Ambokile akatangulia, kama ilivyo kazi yake, peke yake mstari mzima, sauti nzuri ajabu: karibu, karibu nyumbani, mlango uko wazi. Wote wakamfuata. Midomo ya Tusekile ilionekana ikienda. Alimaliza sentensi yake, nawaambieni, aliimaliza, na hakuna aliyeisikia.

Akafunga mdomo. Akamfunika Lugano vizuri. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Waliokuwa nyuma hawakusikia swali wala jibu. Waliona binti mwenye nyeupe na mtoto mwenye nyeupe, wakasikia wimbo wa kupokea, wakajua amepokelewa. Wakasimama. Wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Wakamsindikiza kwa vigelegele mpaka nje, kwenye mvua.

Jumatatu watatu wakasimama ofisini kwa mkuu wa chuo. Mnakumbuka jinsi kila mmoja alivyosema ni mimi? Sasa sikilizeni.

"Si mimi," akasema Gwamaka. "Nilimfundisha mpaka akajua. Niliongeza swali kama ulivyotufundisha, Mchungaji, na kalamu yako ndiyo iliyoniomba. Angeachwa amalize jibu lake, ukweli ungesikika, na leo aliyetenda naye angekuwa benchi la mlangoni. Nani alimziba mdomo? Muulizeni mwenye kwaya."

"Si mimi," akasema Lusubilo. "Niliona binti anavuliwa nguo mbele ya watu, nikamrushia shuka. Kimya kibaya kijaze kwa wimbo, si ndivyo? Mimi sikujua anataka kumtaja nani. Angetaja jina, angeitwa mwongo, na familia ya mtu ingemfuata mpaka kwa bibi yake. Nilimwokoa."

"Ulimwokoa?" Bupe akamgeukia. "Ulimwokoa kwa sauti ya Ambokile? Huyohuyo?"

Mchungaji Asegelile akaweka kalamu mezani.

"Kumbe ulijua," akasema Lusubilo polepole.

"Nilijua."

"Tulipokuwa mazoezini ulijua? Nilipomsimamisha safu ya mbele ulijua? Ungenivuta pembeni ukaniambia tu, 'Kaka, huyo asiimbe.' Usingetaja sababu."

"Nilimwapia."

"Na swali lilipoulizwa," akasema Gwamaka, "ulikaa kwenye benchi. Ungesimama tu, ukasema, 'Mwalimu, swali hilo halimo kwenye utaratibu.' Hakuna siri ambayo ingetoka. Ulikuwa unaogopa nini? Alama?"

"Niliapa jina halitatoka kinywani mwangu," akasema Bupe, akilia.

"Na sasa limetoka," akasema Gwamaka. "Hapa, mbele ya watu watatu, mahali ambapo halimsaidii mtu."

Bupe akatoka. Akavuka mto, akapanda mpaka chaini. Alimkuta Tusekile kwenye mstari wake, mtoto mgongoni.

"Mdogo wangu, nisamehe."

"Toka kwenye mstari wangu, dada. Unanichelewesha."

"Nilisoma utaratibu. Swali lile halikuwamo."

"Uliniapia." Mikono haikusimama, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Kisha akauliza, "Yale maji mliyafanya nini?"

"Maji gani?"

"Ya mwanangu. Uliyoyapasha."

"Yalimwagwa."

"Wapi?"

"Nje. Kwenye maua ya kanisa."

"Basi," akasema Tusekile, "maua yamebatizwa."

Na tangu siku hiyo hakusema tena na mtu wa Kitulile.

Mngedhani Ikombelo waliona haya. Thubutu! Wazee walirudi chuoni mwezi uleule kudai mtumishi wao. Wao wakasema, "Tupeni yule wa maswali, anajua kubana." Vijana wakasema, "Tupeni yule wa wimbo," na kweli siku hizo walikuwa wakijaa kanisani kuusikia. Akina mama waliolishona joho wakasema, "Tupeni yule binti, ndiye pekee aliyelia."

Mchungaji Asegelile akawaambia watatu, "Aliye na kosa dogo kuliko wenzake atavaa joho. Aliye na kosa kubwa kuliko wote atarudisha vitabu vya chuo, atakwenda chaini mbele ya wachumaji wote, atapiga magoti kwa Tusekile. Hatainuka mpaka ainuliwe."

Kisha akakaa kupima. Akamnyoshea Gwamaka kidole, na Gwamaka akasoma alichoandika: mwongeze swali moja. Akamnyoshea Lusubilo, na Lusubilo akasoma: kijaze kwa wimbo. Akamnyoshea Bupe, na Bupe akasoma: lifie kifuani mwako. Maneno yote ni yake. Mwandiko tu ndio wao. Na neno la nne, la joho na kondoo, hakuna aliyelisoma. Mzee alilikumbuka mwenyewe, akashusha kidole.

Siku ile hakuamua. Wala iliyofuata. Joho mpaka leo liko kwenye msumari juu ya ubao, mabega yake yamepauka kwa chaki, na darasa jipya linakaa chini yake, linaandika. Ambokile bado anaanzisha nyimbo. Hakuna aliyemwuliza kitu. Hata yeye hajajiuliza kwa sauti. Lugano ameanza kutembea. Anapita nje ya kanisa akimfuata mama yake shambani, na wimbo ule ukimfikia husimama na kucheza, maana ni wimbo mtamu, mpaka mama amvute mkono.

Nimemaliza, na zamu ya kuuliza ni yangu. Aliyeuliza yuko mbele yenu, na aliyeimba, na aliyenyamaza, na aliyewafundisha. Msinijibu kwamba wote, maana joho ni moja. Wala msinijibu kwamba hakuna, maana mvua imeanza tena kule kilimani na mtoto anakohoa. Je, nani alistahili kulivaa joho lile, na nani alistahili kwenda kupiga magoti chaini?